Kiti Kilichoniita Mgeni

"Karibu, mgeni," Kiti kikaniambia.

Nikadhani kinatania. Sauti yake ilikuwa ileile tamu ya mtu anayekuuzia manukato, nami nilikuwa nimeshakaa, nimeshajifunga ukanda kifuani, mkono wangu uko juu ya wenzo wa mwendo kama nilivyozoea.

"Mgeni nani? Ni mimi, Mwajabu."

"Samahani, mgeni. Mapigo yako siyatambui. Tafadhali mwite mwongozaji wa zamu."

"Mwongozaji wa zamu ndiye mimi!"

"Samahani, mgeni."

Loh! Kiti ambacho sponji yake imebonyea kwa makalio yangu! Nimekikalia tangu kilipoletwa, nimekifuta vumbi kwa kanga yangu mwenyewe. Leo nimejikokota kutoka kitandani, paja bado lina alama ya zambarau pale madaktari walipopitisha waya wao, halafu hata salamu ya maana hakuna. Nikakipiga ngumi. Kikaniomba samahani tena.

Nje ya dirisha korongo la Soni lilikuwa limejaa ukungu. Waya zilikuwa zimetulia juu yake, na abiria wa Lushoto walikuwa wameshaanza kujipanga huko juu na mizigo yao ya pea na kabichi. Tangu maporomoko ya udongo yalipoila barabara ya mlimani, hakuna njia nyingine ya kufika Mombo. Unapanda kikapu kinachotembea juu ya waya, unaning'inia, unamwomba Mungu, na sisi wa Soni tunakuteremsha.

Mashine ingeweza kuviteremsha vikapu yenyewe. Zamani ilikuwa ikifanya hivyo, mpaka siku ile ya upepo ilipoendelea kuvisukuma mbele kwa sababu hesabu zake zilisema mambo ni shwari. Baada ya mazishi, serikali ikapitisha sheria kwamba chochote kinachobeba watu hewani lazima kiwe na moyo wa mtu nyuma yake. Ndipo vikaletwa Viti. Ukanda unasoma mapigo, na Kiti kinakujua kwa mapigo hayo kama mama anavyokujua kwa kikohozi. Moyo ukienda kombo, kwa hofu au kuzimia au kilio, Kiti kinafunga breki na vikapu vyote vinasimama vilipo. Siku mwenzangu Nakijwa alipopata habari ya kufiwa na babu yake, watu walining'inia juu ya korongo mpaka alipomaliza kulia na kunywa maji. Matusi yaliyotufikia dirishani siku ile siwezi kuyarudia.

Mimi sikuhitaji msiba. Moyo wangu ulikuwa ukiruka wenyewe, bila sababu, hata nikiwa natafuna mhogo. Nilifunga breki mara nyingi mpaka abiria wakanibatiza Bi Breki. Mwisho nikaanguka sokoni, nikapelekwa hospitali ya moyo, wakaniingizia waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakaupandisha mpaka moyoni na kuchoma vijisehemu ambako umeme wa moyo ulikuwa unapotea njia. Sikusikia kitu. Tabu ilikuja nyumbani. Wifi yangu alininyang'anya hata kikombe, kila jirani akaja na uji na ushauri wake, eti usicheke sana, eti usilalie kushoto, na mimi nimekaa tu nawaza kiti changu.

Sasa ndicho hiki, kinaniita mgeni.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Nakijwa, anahema, kilemba kimemwenda upande. Yeye ni Mpare wa Same, mdogo kwangu, mwongozaji wa zamu ya jioni. Hapo juu tuko wawili tu.

"Dada, shuka! Shuka haraka kabla wakubwa wa Mombo hawajaona!"

"Hawajaona nini?"

"Shuka kwanza, nakuomba!"

Akanivuta mpaka kwenye jiko la chai, akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu, mashavu yameingia ndani.

"Kwanza pole na kuumwa," akasema.

"Pole baadaye. Kwa nini Kiti hakinijui?"

"Kwa sababu kwa Kiti, wewe hujawahi kuondoka, na moyo wako ni uleule wa zamani."

Nikamkodolea macho. Nilimkumbusha kwamba nilimpigia simu nikiwa juu ya machela, nikamwagiza amwambie Mkuu wetu wa Mombo kwamba nimelazwa. Akatazama sufuria ya chai.

"Sikumwambia."

"Ala!"

"Ningemwambia wangekushusha ukapime kabichi Mombo. Umemsahau Singano, mwongozaji mwenzetu? Alitibiwa moyo, wakamwambia apumzike chini kidogo. Yuko chini mpaka leo, na nafasi yake kwenye Kiti ikafutwa. Nikasema, hawatamfanyia dada Mwajabu hivyo mimi nipo. Nikakuwekea kanga."

Nikakaa juu ya kreti la soda.

Lazima nieleze hii kanga. Hapa kituoni, kabla ya Viti vya mapigo, tulipokuwa tunaisimamia mashine tu, mtu akitaka kwenda msibani au kliniki alitandika kanga yake juu ya kiti, na mwenzake akakaa juu ya kanga hiyo kumshikia zamu. Kiti kilikuwa na mwenyewe, hakuna wa kukigombea. Viti vipya vilipokuja, fundi mmoja akatutengenezea vidude, kila mtu chake, ukubwa wa kiberiti. Ndani kuna mapigo yako yaliyonakiliwa siku uliyokuwa umetulia. Mwenzako anakibandika chini ya ukanda, Kiti kinasikia wewe. Tukakiita kanga vilevile. Ilikuwa ya muda mfupi tu, mtu azike arudi. Na sheria inasema ukikamatwa unakidanganya Kiti, ni jela.

Nakijwa alikuwa amevaa kanga yangu tangu nilipolazwa. Asubuhi alikuwa mimi, jioni anakuwa yeye.

"Wewe Mpare una wazimu," nikamwambia.

"Na wewe Msambaa huna shukrani," akajibu, na kwa mara ya kwanza akacheka. Akaingiza mkono kifuani akatoa kile kidude, kina joto la mwili wake. "Kibandike. Kitakujua."

"Na huu moyo nilionao?"

"Huo ni wako. Kiti kina wake."

Sijui niseme nini hapa. Nilikitaka kiti changu, basi. Sikutaka kiti kingine, wala kabichi, wala uji wa wifi. Nikakibandika.

"Karibu, Mwajabu," Kiti kikaniambia. "Mapigo mazuri leo."

*

Mkuu wetu, Bwana Shekalaghe, anakaa Mombo kwenye joto, na sisi anatuona kwa majina tu juu ya kioo chake. Siku hiyohiyo akanipigia kwenye spika.

"Bi Mwajabu! Umekunywa dawa gani wewe? Muda wote huu hujafunga breki hata mara moja. Nimewaandikia makao makuu kwamba mstari wetu sasa umetulia, waturuhusu tuongeze watu kwenye kila kikapu."

"Asante, Mkuu."

"Nilikuwa nakuita Bi Breki pembeni huko. Unisamehe bure."

Nikacheka kicheko cha kulazimisha, lakini nilikuwa na hasira. Miaka yote nimefanya kazi kwa moyo mbovu, nikiuchunga ili vikapu visimwage mtu, sikuwahi kusikia hongera. Sasa sifa zote zinakwenda kwa kiberiti.

Na moyo wenyewe haukuwa umetulia. Ngazi za kituo nilizokuwa nazipanda nikiimba, sasa nilizipanda nimeshika ukuta. Mapigo yangu yalikuwa juu hata nikiwa nimekaa, na mara mojamoja moyo uliruka, ukasita, ukaruka tena. Daktari alikuwa ameniambia nisishtuke. Makovu yanajijenga, akasema, miezi mitatu ya mwanzo moyo unaweza kufanya fujo kabla ya kukubali njia mpya. Halafu akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nakaa tu, daktari," nikamwambia.

"Kama ni ya kukaa, rudi taratibu."

Hakuwa na kosa. Sikumwambia nakaa juu ya nini.

Siku ya gulio ndipo nilipoona cha moto. Ukungu ulikuwa mzito, vikapu vimejaa, na kimoja kilikuwa kinaingia Soni. Kikapu kinachoingia kituoni lazima ukipunguze mwendo kwa mkono, polepole, la sivyo kinakwenda kugonga ukuta. Nikanyoosha mkono kushika wenzo. Moyo ukaruka. Ukaruka tena, halafu ukaanza kupepesuka kifuani, masikio yakaziba, na dirisha likawa jeupe lote. Sijui nilipotea kwa muda gani. Najua kilichonirudisha ilikuwa sauti.

"Mapigo mazuri, Mwajabu. Endelea hivyohivyo."

Nikafumbua macho, kikapu kiko mlangoni, kinakuja kwa mwendo wake wote. Nikauangukia wenzo kwa kifua. Breki zikalia, kikapu kikayumba, kikaenda kuparamia matairi ya ukutani, watu ndani wakapiga yowe.

Hakuna aliyeumia. Nilikaa pale, jasho limenilowanisha mpaka mgongoni, na Kiti kinaendelea kunisifu. Nilitaka kukitapikia.

Ngazi zikalia vishindo. Akaingia mwanamke mnene mwenye ute wa mayai kuanzia kilemba mpaka viatu. Nilimjua, wote tunamwita Mama Mayai, anateremsha trei za mayai kila gulio.

"Bi Breki!" akafoka. "Miaka yote unatufungia breki za bure, leo yenye maana umezitia wapi?"

Nilimwomba radhi. Akanitazama vizuri, hasira ikampungua kidogo.

"Mbona umekuwa hivyo? Unaumwa?"

"Hapana," nikasema.

*

Nakijwa alipokuja kupokea zamu nilimsubiri penye jiko. Nikaiweka kanga mezani kati yetu.

"Leo nimezimia kwenye kile kiti. Kilikuwa kinanisifu."

Akashika mdomo. Kisha, kama ninavyomjua, akaanza kutafuta njia.

"Basi rudi nyumbani upumzike miezi yako. Mimi naendelea kukushikia."

"Macho yenyewe hayafunguki! Ukisinzia je? Kiti kitasikia nini? Kitasikia mimi nimetulia."

"Sijawahi kusinzia."

"Bado hujasinzia."

"Kwa hiyo unataka nini, dada? Useme?"

"Nataka Kiti kinisikie mimi. Kama nimekufa kijue nimekufa."

Akasimama. Sauti ikapanda. "Ukisema, mimi ni jela! Nimekula viporo kwa kukosa muda wa kupika, miguu imevimba, nakushikia wewe nafasi yako, halafu unilipe kwa polisi?"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Ungekuwa wewe ungenifanyia hivyohivyo, usinidanganye!"

Hapo akanipata. Ningemfanyia. Ningemfanyia bila kufikiri mara mbili, na ningejiona mtu mwema. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwa sababu ningeweza kupigana na mtu mbaya, na hapa hakuwepo. Alikuwepo Nakijwa na miguu yake iliyovimba.

"Lete na ya kwako," nikamwambia. "Kanga yako. Tuzitupe zote mbili korongoni."

Akaenda kukaa kwenye Kiti, akajifunga ukanda, akanipa mgongo. Ya kwake hakuitoa.

Asubuhi yake nilipanda ngazi nimeshika ukuta, nikakaa, nikajifunga ukanda mtupu. Nakijwa alikuwa hajaondoka. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Karibu, mgeni," Kiti kikasema.

"Ahsante," nikakijibu. "Niitie Mombo."

Spika ikakwaruza. "Bi Mwajabu? Kioo changu kinasema kwenye Kiti kuna mgeni. Kuna nini huko? Watu wamejaa Lushoto."

"Mgeni ni mimi, Mkuu. Nimechomwa moyo hospitalini, umebadilika. Na bado haujakaa sawa."

"Umechomwa lini? Mbona kila siku upo kazini?"

"Sikuwepo."

Nilisikia feni yake ikizunguka kule Mombo.

"Alikuwepo nani?"

Sikumtazama Nakijwa. Kama ningemtazama, uso wangu ungesema. Niliukodolea wenzo macho, moyo unanienda mbio, na Kiti bila kuulizwa kikasema, "Mgeni, mapigo yako yamepanda. Vuta pumzi."

"Ilikuwepo kanga, Mkuu. Mwenye kanga ni mimi. Yamesomeka mapigo yangu, jina langu. Nishushe mimi."

"Nimeuliza nani alikuwa amekaa."

"Nami nimekujibu."

"Mko wawili hapo juu, Mwajabu! Unanifanya mimi mjinga?" Akapiga meza, spika ikalia. Kisha akashusha pumzi ndefu, na aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nikiwashusha wote wawili leo, makao makuu wanasimamisha waya. Wagonjwa wa Lushoto watateremkaje? Makao makuu nitawaambia kimekamatwa kidude, na aliyekamatwa nacho ni wewe. Utakuja kupima kabichi. Miezi yako ikiisha, ukitaka kiti, utaomba upya, na sikuahidi kitu."

"Na lile ombi la kuongeza watu?"

"Limekufa. Nani atawaongezea watu kwa mapigo ya kiberiti?"

Spika ikazimika. Hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi! Nilitaka kuvunja kitu.

"Umejiponza," Nakijwa akasema kutoka mlangoni.

"Najua."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kwa nini hukujitaja?"

Akalia, lakini kwa hasira, kama mtoto aliyenyang'anywa. Nilijifungua ukanda nikampisha. Nilimwambia neno moja tu, asiivae kanga yake. Akiivaa leo au siku nyingine yoyote, basi nimeuza kiti changu bure. Hata mkono wa buriani hakunipa. Alifunga mlango, na nikiwa ngazini nikasikia sanduku lake la bati, anamoweka kanga yake, likifunguliwa.

*

Sijawahi kuwa abiria wa vikapu. Nimewateremsha watu wengi kiasi hicho, na sijui hata pa kushika. Nilijibana kwenye kona na kifurushi changu. Kwenye benchi la mbele yangu alikuwa amekaa Mama Mayai, trei mpya za kufidia zile za jana zimefungwa mapajani kwa kitenge.

"Ala, Bi Breki! Wewe huku, nani yuko juu?"

"Nakijwa."

"Aa, yule ana mkono mzuri. Leo mayai yangu yatafika."

Kikapu kikatoka kituoni. Kilitoka vizuri mno. Hakikuyumba, hakikusita, kilikwenda laini kabisa, kama vilivyokuwa vinakwenda vikapu muda wote nilipokuwa kitandani. Abiria wakalegeza mabega. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuogopa. Nilijua alivyokuwa nilipomwacha. Mtu anayelia vile hawezi kuteremsha kikapu laini hivi, labda Kiti kiwe hakimsikii.

Nikageuka kutazama dirisha la Soni. Ukungu ulikuwa umeshalifunika. Nikaanza kuhesabu nguzo zilizobaki mbele, nikaacha. Moyo wangu ukaruka kifuani na hakuna mashine yoyote duniani iliyojali. Nikasema kimoyomoyo, Nakijwa, ivue. Wallahi ivue, mimi nimeshalipa. Bwana mmoja kando yangu akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamwambia nina hasira tu.

Tulikuwa katikati ya korongo, maji ya maporomoko yanalia chini yetu, breki zilipofunga.

Kikapu kikasimama kwa mtikisiko. Mbele na nyuma yetu, mstari mzima, vikapu vikaning'inia katika ukungu. Mtoto akalia. Bwana wa kando yangu akaanza kutukana waya na kituo, na Mama Mayai akayakumbatia mayai yake, akaangalia juu kwa ghadhabu.

"Haya sasa! Kumekuwaje tena? Huyo binti amepatwa na nini?"

Nilikuwa nacheka, machozi yananitoka, mkono wangu uko kifuani juu ya ule moyo wa wendawazimu. Mama Mayai akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Bi Breki, nakuuliza, kuna nini huko juu?"

"Kuna mtu," nikamwambia. "Mwacheni anywe maji."